Kupima Hasara ya Dhoruba: Picha za Angani na Daftari la Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Karagwe na Kyerwa)



Katika Karagwe na Kyerwa mti ni sehemu ya shamba la kahawa. Msizi na mgrevilea huipa kahawa kivuli, huikinga migomba na upepo, na hatimaye hutoa mbao na kuni. Mradi wa Emiti Nibwo Bulora, yaani miti ndiyo uhai, uliwaonyesha wakulima wa hapa kwamba mti uliosimama waweza kuleta fedha pia, kwa sababu huhifadhi hewa ya ukaa. Dhoruba inapoangusha miti, inayopotea ni akiba ya jamaa nzima. Hapana budi hasara hiyo ipimwe kwa haki.

Siku hizi kazi hiyo yaweza kusaidiwa na droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani. Chombo hicho hupita juu ya miti kwa mistari iliyopangwa, kikipiga picha zinazopandiana. Kompyuta huziunganisha zikawa ramani moja, na shina lililolala huonekana. Picha nyingi za setilaiti zitolewazo bure huonyesha eneo la mita 10 kwa 10 au zaidi kama nukta moja tu, na masika mawingu huziziba. Droni huruka chini ya mawingu. Zanzibar ilianza kupigwa picha hizo mwaka 2016 kwa ajili ya ramani ya visiwa. Msumbiji ilizitumia kukagua uharibifu wa kimbunga Idai cha Machi 2019.

Hata hivyo, jicho la angani lina mipaka. Mti uliovunjika shina huweza kubaki na majani mabichi kwa siku kadhaa, ukadhaniwa mzima. Mbuni uliokandamizwa na tawi chini ya kivuli hauonekani kabisa. Tena, picha ya baada ya dhoruba haisemi palikuwa na miti mingapi kabla yake. Jibu hilo hutafutwa katika daftari la Chama, na mwanachama ambaye miti yake haikuandikwa hana la kuonyesha.

Kwa hiyo yafaa mambo matatu yafanyike. Kwanza, kabla ya vuli na masika, Katibu aandike miti ya kila mwanachama: idadi, aina, umri na mipaka ya shamba. Pili, baada ya dhoruba, kamati ikague kwa miguu baadhi ya mashamba pamoja na wenyewe, kisha ilinganishe na picha. Tatu, droni isirushwe pasipo kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Ikumbukwe kuwa Kyerwa inapakana na Rwanda na Uganda.

Matokeo yasomwe mbele ya mkutano wa wanachama kabla ya kupelekwa kokote, ili aliyesahauliwa apate nafasi ya kusema.