Kijana Asiye na Makao ni Mkazi Pia
Hotuba kwa wakazi wa Kitengela na Kajiado



Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Barazani husikika mwenye ploti, mwenye duka na mpangaji. Kijana anayelala kwenye kibaraza cha duka kando ya barabara ya Namanga hana wa kumsemea.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 Kitengela. Wengi walifuata kazi, wakiwemo wanaotegemea viwanda vya EPZ vya jirani, Athi River. Kibarua kikiisha, kodi haisubiri. Mlango hutiwa kufuli. Kijana hulala kwa rafiki wiki moja, kwa mwingine siku tatu, kisha steji ya matatu. Wengine walitoka vijijini baada ya ukame kumaliza mifugo. Wapo pia wasichana waliokimbia kukeketwa na kuozwa mapema. Hao si wahalifu. Kumwita mtu chokoraa hakumpi pa kulala.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya makao. Lakini akitimiza miaka 18 hahesabiwi tena mtoto, na ndipo anapohitaji kitambulisho ili aajiriwe. Akienda kukiomba, huulizwa cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, vitu ambavyo aliyetoroka nyumbani mara nyingi hana. Hapo chifu na wazee wanaomjua ndio tegemeo lake.

Yapo mambo yanayowezekana kuanzia leo.

Mwenye nyumba, kabla ya kufunga mlango, mwite mpangaji na mzee wa Nyumba Kumi mkubaliane namna ya kulipa. Mkishindwana, mwache atoke na kitambulisho na vyeti vyake vya shule. Bila hivyo hatapata kazi, na deni lako halitalipwa.

Mwenye karakana au pa kuoshea magari, anayekusaidia kila siku mlipe kama mfanyakazi, na umfunze kazi.

Mzazi uliyegombana na mwanao, mtafute kabla hajazoea baridi ya nje.

Na yeyote atakayemwona mtoto wa chini ya miaka 18 akilala nje apige simu 116, bila malipo, usiku au mchana, au amwone afisa wa watoto au chifu.