Kulala Mlimani na Farasi

Leo ni zamu ya wale wanaokwenda bara kuzunguka kwa farasi na kulala mahemani kwenye miinuko ya Kilimanjaro.

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliondoka Unguja kwenda kumtafuta mpelelezi Livingstone, akiwa na punda 27 na farasi wawili. Mmoja, wa kijivu, alikuwa zawadi ya Sultani Seyyid Barghash. Farasi hao walikufa Kingaru, siku chache tu baada ya msafara kuiacha Bagamoyo.

Hata leo, bara kuna hatari mbili kubwa kwa farasi. Mbung'o huambukiza ugonjwa wa nagana. Usubi, kidudu kidogo kuliko mbu, hubeba virusi vya ugonjwa unaojaza maji mapafuni mwa farasi na kumuua upesi. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuugua.

Kwa hiyo farasi achanjwe mapema dhidi ya virusi hivyo, kabla ya msimu wa mvua. Kambi ipigwe juu, penye upepo na baridi, mbali na madimbwi, kwa kuwa usubi huzaliana kwenye tope na huuma tangu magharibi hadi alfajiri.

Farasi mmoja hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, hivyo ulizeni maji yako wapi kabla ya kupanga njia. Jioni mkagueni kwato na mgongo, palipokaa tandiko. Akiwa na homa au akitoka povu puani, mpumzisheni na mwiteni daktari wa mifugo mara moja.