DVR ya Kamera za Usalama: Fundi Aulizwe Siku, Si Terabaiti



Kamera za usalama zimeenea, kuanzia maduka ya Thika mjini hadi ploti za kukodisha za Ruiru. Mnunuzi huuliza idadi ya kamera na ubora wa picha. Wachache huuliza kuhusu DVR, mashine inayohifadhi picha, na humo ndimo ushahidi hupatikana au hupotea.

Kamera 8 za megapikseli 2, kila moja ikirekodi megabiti 4 kwa sekunde, hutumia gigabaiti 345 hivi kwa siku. Diski ya terabaiti 1 hujaa kabla ya siku 3 kwisha, kisha mashine hurekodi juu ya picha za zamani kimyakimya. Mwenye duka aliyefunga Ijumaa jioni, akavunjiwa usiku huo na kurudi Jumanne, huenda asikute chochote. DVR inayotumia H.265 huweza kupunguza ukubwa wa picha kwa karibu nusu ikilinganishwa na H.264. Ikipangwa irekodi panapotokea mwendo tu, siku huongezeka zaidi. Barabarani, ambako matatu hazikomi kupita, mpango huo hausaidii sana.

Saa nayo ikaguliwe kila mara stima inapopotea na kurudi. Picha yenye tarehe isiyo sahihi humpa wakili wa mshtakiwa pa kushika. Isitoshe, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji cheti kilichotiwa sahihi na anayesimamia kifaa, kikieleza rekodi ilivyopatikana. Anayeibiwa na apige ripoti, apewe nambari ya OB, na picha zinakiliwe siku hiyo hiyo.

Mwizi mjanja huondoka na DVR yenyewe. Isiwekwe kaunta kando ya televisheni; ifungiwe kabatini, penye hewa.

Nenosiri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka maelfu ya DVR na kamera duniani kupitia manenosiri hayo hayo.

Kwa wenye ploti: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa wapangaji haki ya kujua kwamba wanarekodiwa, na kwa sababu gani. Bango liwekwe langoni, na kamera ya korido isichungulie ndani ya nyumba ya mtu.