Mizani Haiulizi Kabila

Leo tunasema juu ya maonyesho ya sayansi ya wanafunzi. Pengine mtauliza: tumbo ni tupu, michezo ya shule ni ya nini? Ngojeni kwanza.

Mnajua ugomvi wa kila siku kati ya kambi na kijiji unatoka wapi. Ni kuni. Mama mkimbizi anakata mti, mwenye shamba anakuja na panga. Msichana anakwenda mbali porini, huko anakutana na wenye silaha. Basi kuni ziwe swali la maonyesho: jiko gani linakula kuni kidogo?

Fanyeni hivi. Walimu waunde vikundi vya watoto wanne: wawili wa kambini, wawili wa kijijini, wasichana na wavulana. Kila kikundi kijenge jiko lake la udongo, likauke vizuri. Siku ya maonyesho wote wapewe sufuria za namna moja, maji ya kipimo kimoja na kuni kavu. Kando yao muwashe moto wa mafiga matatu, kama tulivyozoea. Kuni zipimwe kabla ya kuwasha. Maji yakichemka, zilizobaki zipimwe tena. Hesabu iandikwe ubaoni, watu wote wakiona. Kisha watoto waeleze kwa nini jiko lenye ukuta linatunza joto, na upepo unachukua joto la mafiga.

Mizani haiulizi kabila wala kijiji cha mtu. Anayebisha, apime tena. Hapo mtoto anajifunza kubishana bila kupigana, na mzazi wake anatazama. Waamuzi watoke pande zote mbili, na zawadi ipewe kikundi kizima.

Sierra Leone ilikuwa na vita toka 1991 mpaka 2002. Mwaka 2012, wanafunzi wa sekondari huko waliitwa kwenye mashindano ya ubunifu, Innovate Salone. Kati yao alikuwa Kelvin Doe wa Freetown, aliyezaliwa 1996, wakati wa vita. Kwa vitu vilivyotupwa jalalani alitengeneza betri na mtambo mdogo wa redio, akatangazia mtaa wake. Mwaka huohuo alialikwa Marekani, kwenye chuo cha MIT. Mtoto wa vita ana akili kama mwingine, anangoja kuitwa.

Bwana shefu, toa kiwanja na siku moja. Mwenye shamba, toa udongo. Baba na mama wa kambini, msimzuie mtoto kukaa na mtoto wa mwenyeji. Kidole kimoja hakivunji chawa. Jiko litakaloshinda, lijengwe kambini na kijijini pia, na watoto wenyewe wawe mafundi.