Tulipie Bima Tukiwa Wazima

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mlioteremka kutoka milimani Same, akina mama, ndugu zangu tunaoishi hapa Dar es Salaam:

Nimeombwa nizungumzie bima ya afya kwa wote. Mimi ni mhasibu, si daktari, kwa hiyo mtanivumilia nikitaja fedha kuliko dawa.

Wazee wanakumbuka matibabu ya bure. Uchangiaji ulianza 1993, na 1996 wenzetu wa Igunga wakaanza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii. Mwaka 2001 watumishi wa umma wakaingia NHIF, asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mtumishi. Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Miaka yote hiyo ubishi ni ule ule: mtumishi anakatwa kabla hajauona mshahara, lakini mkulima wa tangawizi kule Mamba Miamba utamkata wapi?

Wapo wanaosema serikali ilipie kila mtu kwa kodi. Wapo wanaosema kila kaya ilazimishwe. Nawaelewa wote, ila bima ya kuchangia hufa pale wanapojiunga wagonjwa tu. Tuliliona kwenye Toto Afya Kadi. Mzazi alilipa Sh50,400 kwa mwaka, na wengi walikuja mtoto akiwa tayari anaumwa. Mfuko ukawa unalipa hospitali kuliko ulichokusanya, na 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Watu walikasirika, na walikuwa na haki, maana wapo waliolipia watoto wazima kabisa. Lakini daftari halikuwa na nafasi ya huruma.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Mtu akizidiwa nyumbani, ujumbe unaingia kwenye grupu: mgonjwa amepelekwa KCMC, tuchange. Tunachanga kwelikweli, hilo halina ubishi. Ila mwenye watoto mjini huchangiwa kabla ya jua kuzama, na bibi asiye na mtu huku anabaki kitandani, wala hatupati habari zake mpaka tuitwe msibani. Tena tunachanga ugonjwa ukiwa umeshakomaa, yaani wakati wa bei ghali kuliko zote.

Msaragambo wa kuzibua mfereji huitishwa kabla ya mvua. Hakuna aliyengoja ndiva ipasuke ndipo apulize pembe.

Hesabu yangu ni hii. CHF iliyoboreshwa iliwekwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, matibabu hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa kiwango hicho kaya 200 ni Sh6,000,000. Kiwango kikipanda mara tano ni Sh30,000,000, na hapo hatutawaweza wote. Tutachagua, na kuchagua kutaleta maneno. Napendekeza wachague wazee wa vijiji wakiwa pamoja na wahudumu wa afya, siyo sisi wa mjini, maana kila mmoja wetu ana shangazi.

Najua swali linalokuja: kadi ya nini kama zahanati haina dawa? Ni swali la haki. Lakini zahanati yenye wanachama wengi ina madai ya kurudishiwa fedha za kununulia dawa. Isiyo na wanachama inangoja mgao tu. Kamati yetu ifuatilie fedha hizo zilipokwenda. Kazi hiyo wahasibu tupo, na hatudai posho.

Kaya zenye uwezo kidogo zichangie theluthi, na ikusanywe msimu wa kuuza tangawizi, siyo Januari wakati wa ada za shule. Fomu za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina. Mwaka huu zina safu mbili: ya wagonjwa, kama kawaida, na ya bima.