Nakala ya Akiba Bila Ufunguo Si Akiba

Hotuba kwa wafanyabiashara na wakazi wa Busia na Malaba



Mama anayeuza mahindi Busia hufunga ghala lake kwa kufuli kila jioni. Akipoteza ufunguo, huita fundi, kufuli likavunjwa, na magunia yakabaki salama. Kumbukumbu zilizo ndani ya kompyuta hazina fundi wa namna hiyo.

Leseni ya biashara, ada ya soko na malipo ya maegesho ya malori Malaba yakilipwa kwa mtandao, huandikwa katika hifadhidata, yaani daftari kubwa la kompyuta. Nakala ya akiba hutengenezwa ili mashine ikiharibika daftari lirejeshwe. Nakala hiyo hufungwa kwa usimbaji: maandishi hugeuzwa yasisomeke bila ufunguo wa siri. Mwizi akiiba diski, haambulii kitu. Lakini ufunguo ukipotea, mwenye daftari pia haambulii kitu.

Makosa ni matatu. Kwanza, kuweka ufunguo ndani ya sava ileile. Sava ikiungua, vyote huungua pamoja. Pili, kuuweka kwenye diski ya nakala, sawa na kuacha ufunguo ukining'inia kwenye kufuli. Tatu, kubadilisha ufunguo na kufuta ule wa zamani, ilhali nakala za mwaka jana zilifungwa kwa huo wa zamani.

Dawa yake ni nidhamu. Ufunguo uhifadhiwe mahali pawili tofauti, mbali na nakala, chini ya maafisa wawili. Iandikwe ni ufunguo upi unaofungua nakala ya tarehe gani. Afisa akihamishwa, aukabidhi kwa maandishi. Na nakala irejeshwe kwa majaribio kwenye mashine nyingine kabla ya siku ya msiba.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 41, inataja usimbaji pamoja na uwezo wa kurejesha data kwa wakati baada ya hitilafu. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Kumbukumbu zikipotea, anayeumia ni yule mama aliyelipa, anapoambiwa hajalipa. Kwa hiyo kila mfanyabiashara atunze risiti yake. Na katika vikao vya ushirikishwaji wa umma, wananchi waulize: mara ya mwisho nakala kufunguliwa kwa majaribio ilikuwa lini, na ilifunguka?