Saratani ya Tumbo: Anayewahi Ndiye Mwenye Hiari



Mimi si tabibu. Ni Afisa Habari wa Halmashauri. Nimesimama mbele yenu kwa sababu wengi wetu huishi na kiungulia na maumivu ya chembe ya moyo. Tunanunua vidonge dukani, maumivu yanatulia, tunarudi shambani au ziwani. Mara nyingi huwa ni vidonda vya tumbo tu. Mara nyingine huwa ni saratani, na vidonge hivyo huweza kuificha.

Saratani ya tumbo kwa kawaida huanza katika utando wa ndani wa mfuko wa chakula. Ikigunduliwa ingali humo, ikiwa ndogo na haijachimba kidonda, huweza kuondolewa bila kupasua tumbo. Mpira mwembamba wenye kamera, yaani endoskopi, hupitishwa mdomoni, na kisu kidogo kinachopita ndani yake hubandua sehemu iliyougua. Njia hii iliendelezwa nchini Japani mwishoni mwa miaka ya 1990. Mgonjwa hubaki na tumbo lake na hupata nafuu upesi. Hata hivyo, tumbo laweza kuvuja damu au kutoboka. Aidha, saratani nyingine yaweza kuota katika tumbo lililobaki, hivyo mgonjwa hana budi kurudi kuchunguzwa. Kinyama kilichobanduliwa kikionyesha kwamba ugonjwa umezama zaidi, mara nyingi upasuaji hufuata.

Upasuaji huondoa sehemu ya tumbo au tumbo lote, pamoja na mitoki iliyo karibu. Huo ndio wa kutegemewa pale saratani ilipozama lakini ingali yatibika. Ila mwili hulipa: mgonjwa hupungua uzito, hula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na aliyeondolewa tumbo lote huhitaji vitamini B12 maisha yake yote.

Ipi bora basi? Swali hilo ni la aliyewahi. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando walichapisha mapitio ya wagonjwa 232 wa saratani hii. Walio wengi walifika ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Kwao hapakuwa na njia mbili za kuchagua.

Ndugu wananchi, tumbo likikusumbua majuma kadhaa, ukikonda pasipo sababu, ukishiba kwa matonge machache, chakula kikikwama, usirudi dukani. Nenda zahanati, taja kila dawa uliyokwisha kunywa, na uliza kama wahitaji rufaa ya endoskopi. Ukitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tangu Juni 2025, Daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko cha kwenda Mwanza. Safari ya Bugando imekuwa fupi. Tusiirefushe kwa kuchelewa kuianza.